Mtu Si Anwani Yake: Maoni kuhusu Kukatika kwa Mazungumzo Mtandaoni

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Kauli hiyo inatukumbusha mafundi wa vyombo vya pwani, lakini yaufaa vilevile mtandao wa intaneti, bahari ambayo mwanafunzi wa leo huivuka mara kadha wa kadha kwa siku. Kila kieleacho humo kiliundwa na watu fulani, katika kipindi fulani, wakiongozwa na dhana fulani kuhusu abiria watakaokipanda. Dhana hizo zikipitwa na wakati, chombo huanza kuvuja, nasi tusiojua jinsi kilivyoundwa huyalaumu mawimbi.

Makala haya yanachunguza dhana moja ya aina hiyo, nayo ni ile inayochukulia kuwa mtu na anwani yake ni kitu kimoja. Dhana hii huchangia mikasa tuliyoizoea: fomu ndefu kupotea mwanafunzi anapotoka maktabani akiwa na rununu mkononi, mtihani wa mtandaoni kukwama umeme unapokatika na kurudi, na faili iliyokuwa imepakiwa kwa asilimia 90 kulazimika kuanza upya. Maoni yangu ni kwamba mikasa hii si ajali, wala haitokani na udhaifu wa mtandao pekee. Ni matokeo ya uamuzi uliofanywa zamani kwa sababu nzuri, ambao wanaotuundia mifumo leo hawana tena udhuru wa kuuendeleza.

Yamkini utajiuliza, ndugu msomaji, mwanafunzi wa fasihi ana lipi la kuwaeleza wataalamu wa tarakilishi. Jibu langu ni kwamba swali la kinachomfanya mtu abaki kuwa yeye yule licha ya kuhama ni swali letu tangu jadi. Katika riwaya ya Utengano ya Said Ahmed Mohamed, iliyochapishwa mwaka 1980, Maimuna anatoka nyumbani kwa babake Maksuudi na kutumbukia katika maisha ya mjini. Mandhari yanabadilika, watu wanaomzunguka wanabadilika, hata mwenendo wake unabadilika. Hata hivyo, hakuna msomaji anayefunga kitabu na kudai kwamba Maimuna ametoweka kwa kuwa hayupo tena pale alipokuwa hapo awali. Tunamfuata kwa sababu tunamjua, si kwa sababu tunajua anakolala. Mtandao, kwa sehemu kubwa, ni msomaji asiyeweza kufanya hivyo.

Hodi, Karibu na Kimya

Ili hoja ieleweke, hatuna budi kuanza na jinsi mazungumzo ya mtandaoni yanavyofunguliwa. Tarakilishi mbili zinazowasiliana haziunganishwi kwa waya mmoja uliotengwa kwa ajili yao. Ujumbe hukatwakatwa katika vifurushi vidogo, na kila kifurushi hubeba anwani ya mtumaji na anwani ya mpokeaji, mithili ya barua nyingi fupi zinazopitia mikono mingi. Anwani hizo huitwa anwani za IP, yaani anwani za itifaki ya intaneti. Juu ya vifurushi hivyo pana itifaki nyingine iitwayo TCP, ambayo kazi yake ni kuvihesabu, kuvipanga kwa utaratibu, na kuhakikisha kuwa vilivyopotea vinatumwa tena. TCP ndiyo inayofanya maelfu ya vipande yaonekane kuwa mazungumzo mamoja.

Mazungumzo hayo hufunguliwa kwa adabu ambayo Mswahili yeyote ataitambua. Tarakilishi yako hupiga hodi. Seva, yaani ile mashine inayotoa huduma, hujibu karibu. Yako nayo huitikia starehe, na hapo maongezi huanza. Baada ya maamkizi hayo, kila upande huwa umeandika katika daftari lake mambo manne: anwani yako, namba ya mlango uliotokea katika mashine yako, anwani ya seva, na namba ya mlango uliobisha. Mambo hayo manne kwa pamoja ndiyo jina la mazungumzo. Hakuna jina jingine. Daftari la TCP halina nafasi ya kuandika wewe ni nani; lina nafasi ya kuandika ulitokea wapi tu.

Sasa tuseme anwani yako inabadilika mazungumzo yakiwa katikati. Kifurushi cha mazungumzo hayo kikifika kutoka anwani mpya, seva hupekua daftari, haioni jina hilo, na humchukulia mtumaji kuwa mgeni aliyeingia bila kupiga hodi. Hujibu kwa kifurushi cha kukataa, na mambo huishia hapo. Mara nyingi, hata hivyo, hali huwa ya kusikitisha zaidi. Programu yako huendelea kuing'ang'ania anwani ya zamani ambayo si yako tena, na majibu ya seva huelekea huko huko kusiko na mtu. Hakuna anayearifiwa kwamba mwenzake ameondoka. Kila upande hungoja.

Kungoja huko kuna kipimo. Katika mfumo endeshi wa Linux, ambao huendesha seva nyingi mno duniani, kifurushi kisichojibiwa hutumwa tena hadi mara 15 kwa kawaida, muda wa kungoja ukirefuka kila mara, na subira yote huwa dakika 15 hivi au zaidi kabla ya mazungumzo kutangazwa kuwa yamekufa. Ikiwa seva haina lolote la kutuma, inaweza kukaa saa 2 kabla ya kutuma kifurushi cha kujulia hali, na hata hilo hufanyika pale tu programu ilipoagiza lifanyike. Ni kama mke wa baharia anayeendelea kumwekea chakula mume ambaye chombo chake kilizama alfajiri.

Fauka ya hayo, anwani uliyoiacha huenda akapewa mtu mwingine. Vifurushi vya seva vikimfikia, mashine yake, isiyojua chanzo cha maneno hayo, hujibu kwamba haihusiki, na uzi uliokuwa umesalia hukatwa na asiyekuwemo. Kinyume chake, mashine yako ikirudishiwa anwani ile ile kabla ya subira kuisha, mazungumzo yanaweza kuendelea kana kwamba hakuna lililotukia. Jambo hili la mwisho linaithibitisha hoja yangu. Kilichohitajika hakikuwa mtu yule yule, bali anwani ile ile.

Kwa Nini Anwani Hazitulii

Kubadilika kwa anwani si kioja, bali ni kawaida ya mtandao wa sasa. Tangu mwaka 1993 kumekuwepo itifaki ya DHCP ambayo hugawa anwani kwa mkataba wa kukodi. Mashine inapojiunga na mtandao hupewa anwani kwa muda maalum, iwe saa moja au siku kadhaa, na kabla muda haujaisha huomba mkataba urefushwe. Kwa kawaida ombi hukubaliwa. Lakini umeme ukikatika na ruta ya nyumbani ikawaka upya, huenda kampuni ya mtandao ikaipa anwani nyingine kabisa.

Sababu ya pili ni uhaba. Anwani za toleo la 4 la itifaki ya intaneti, ambalo lingali linatumika kote, zina biti 32, kwa hiyo haziwezi kuzidi 4,294,967,296. Idadi hiyo haitoshi hata kila binadamu aliye hai apate moja. Tarehe 3 Februari 2011, ghala kuu la dunia liligawa mafungu yake ya mwisho kwa mashirika matano ya kanda, likiwemo AFRINIC, lenye makao Mauritius, ambalo huhudumia bara letu. Kutokana na uhaba huo, kampuni nyingi za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje, mithili ya wanafunzi wa bweni zima wanaotumia sanduku moja la posta. Anwani ya nje anayoonekana nayo mteja inaweza kubadilika bila yeye kusogea wala simu yake kujua.

Sababu ya tatu, na ndiyo inayotugusa zaidi, ni mwendo. Hapa pana jambo linalowatatiza wengi. Abiria wa matatu anayetoka Nairobi kwenda Nakuru hupita minara mingi ya simu, ilhali mazungumzo yake ya mtandaoni hayakatiki kila anapouacha mnara mmoja na kuingia mwingine. Hii ni kwa kuwa minara hiyo ni ya mtandao mmoja, na mwenye mtandao huishikilia anwani ya abiria mahali pamoja, kisha akamfuatisha vifurushi vyake kimya kimya kutoka mnara hadi mnara. Mambo hugeuka anapovuka mpaka baina ya mitandao miwili: anapotoka kwenye waifai ya chuo na rununu yake ikahamia data ya simu, au anapoingia bwenini na kufanya kinyume. Hapo anwani hubadilika, na kila muunganisho wa TCP uliokuwa wazi hupoteza jina lake. Hatua ishirini kutoka mlango wa maktaba huleta madhara ambayo zaidi ya kilomita 150 za barabara kuu hazikuyaleta.

Uamuzi wa Zamani

Ingekuwa dhuluma kuwalaumu waasisi. Vinton Cerf na Robert Kahn walipochapisha pendekezo lao mwaka 1974, na hata TCP ilipotolewa katika sura yake mashuhuri mnamo Septemba 1981, tarakilishi nyingi zilizounganishwa mtandaoni zilikuwa mitambo mikubwa iliyokaa mahali pamoja. Mtambo wa kujaza chumba haubebwi kwapani. Kusema ulipo kulitosha kueleza ni upi.

Isitoshe, waasisi hao hawakuwa vipofu kuhusu mwendo. Tarehe 22 Novemba 1977, katika jaribio la kuunganisha mitandao mitatu, kituo kimoja kilikuwa ndani ya gari lililotembea katika barabara za eneo la San Francisco huku likituma vifurushi kwa redio. Gari hilo, hata hivyo, halikuuacha mtandao wake wa redio. Lilikuwa katika hali ya abiria wetu wa Nakuru. Swali la kuhama kutoka mtandao mmoja hadi mwingine, mazungumzo yakiwa yanaendelea, halikupata jibu ndani ya TCP. Tarehe 1 Januari 1983, mtandao wa ARPANET wa Marekani ulihamia itifaki hizo, na uamuzi ukawa desturi. Nayo kawaida ni kama sheria.

Desturi hiyo ilitufikia sisi katika mazingira tofauti kabisa. Nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa mwaka 2009 na mtandao ukaanza kushika kasi, Wakenya wengi hawakuingia mtandaoni kupitia tarakilishi iliyofungwa mezani. Waliingia kwa rununu, wakiwa njiani, sokoni, shambani na mabwenini. Kwetu sisi, mtumiaji anayehama si hali ya pembeni inayoweza kushughulikiwa baadaye. Yeye ndiye mtumiaji. Anayeunda mfumo kwa ajili ya Wakenya huku akimwazia mtu aliyeketi mahali pamoja anaunda mfumo kwa ajili ya mtu ambaye, kwa jumla, hayupo.

Anwani ni Shahidi Dhaifu

Ni nani basi anayelipa gharama ya desturi hii? Si yule mwenye waya wa faiba ofisini na mwingine nyumbani, ambaye huenda asione anwani yake ikitikisika kwa wiki nzima. Anayelipa ni mwanafunzi anayeifuata waifai ya chuo mpaka inapofifia, kisha akawasha bando la shilingi chache ili amalizie kazi. Kila mazungumzo yanapokatika, kilichokwisha kutumwa hutumwa tena, na bando huliwa mara mbili kwa kazi moja. Hivyo basi kasoro inayoonekana kuwa ya kiufundi ina sura ya kitabaka: huwatoza zaidi wale wenye kidogo.

Pana jambo ambalo wataalamu watanikumbusha, nao watakuwa na haki. Mfumo wa wavuti ulioundwa vyema hautegemei TCP peke yake kumtambua mtu. Unapoingia kwa nywila, mfumo hukupa kitambulisho cha kikao, na kivinjari chako hukionyesha kila unaporudi. TCP ikikatika, kivinjari hupiga hodi upya kutoka anwani mpya, huonyesha kitambulisho, na kikao huendelea. Kwa nini basi mifumo mingine humtoa mtu nje anwani inapobadilika? Jibu ni kwamba imeamriwa ifanye hivyo. Waundaji wake hukifunga kikao na anwani ya IP kwa makusudi, wakidai kwamba mwizi akiiba kitambulisho hataweza kukitumia kutoka kwingine. Nimewahi kutumia mfumo wa usajili wa masomo ambao ulinitoa nje kila rununu ilipohama mtandao na kufuta kila nilichokuwa nimejaza. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba huo ndio usalama.

Hoja ya usalama si ya kupuuzwa. Vitambulisho vya vikao huibwa, na mtahiniwa anaweza kumpa mwenzake nywila. Lakini tuipime hoja hiyo kwa hali halisi ya mitandao yetu. Tumeona kwamba wateja wengi wa kampuni ya simu huonekana kwa anwani moja. Hali kadhalika, bweni zima linaweza kuonekana kwa anwani moja. Mwizi aliyeketi kitanda cha pili ana anwani ile ile aliyo nayo mwenye mali, na mfumo utampokea kwa bashasha. Wakati huohuo, mwenye mali akitoka nje kutafuta mawimbi mazuri atafungiwa mlango. Ulinzi unaompokea mwizi wa jirani na kumfukuza mwenye nyumba ni ulinzi wa jina tu. Anwani ni shahidi dhaifu pande zote mbili: watu wengi hutumia moja, na mtu mmoja hutumia nyingi.

Udhaifu huo una hatari kubwa kuliko fomu iliyopotea. Ikiwa mfumo wa mtihani unaonyesha kwamba watahiniwa wawili walijibu kutoka anwani moja, msimamizi asiyejua haya anaweza kudhani wameketi pamoja na kunong'onezana majibu. Ikiwa mtahiniwa mmoja ameonekana kwa anwani tatu katika saa mbili, anaweza kudhaniwa kuwa watu watatu. Katika hali zote mbili huenda mwanafunzi hakutenda kosa lolote. Kumwadhibu mtu kwa ushahidi wa anwani pekee ni sawa na kumshtaki kwa kuwa barua yake ilipitia sanduku la posta la shule.

Wala tusidhani kwamba kumtambua mtu bila kujali alipo ni ndoto ya ughaibuni. Huduma ya M-Pesa ilipoanza mwezi Machi 2007, haikumtambua mteja kwa mahali alipo. Ilimtambua kwa laini yake ya simu na namba yake ya siri. Aliyetuma pesa akiwa Gikomba na aliyezituma akiwa Lodwar walitambuliwa kwa njia moja. Mama muuza mboga alielewa papo hapo kwamba namba yake ni yake popote aendapo. Iweje basi mwanafunzi wa chuo kikuu atambuliwe kwa kigezo hafifu kuliko kile kilichomtambua mamake katika rununu ya bei nafuu miaka mingi iliyopita?

Tiba Zipo

Lawama bila tiba ni kelele. Kwa bahati nzuri, tiba zimetafutwa kwa muda mrefu, na historia yake inafunza.

Mnamo Oktoba 1996 ilisanifiwa itifaki ya kuhamahama iliyoongozwa na wazo ambalo Waswahili walilisema kitambo: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mhamaji alibaki na anwani yake ya nyumbani, na huko nyumbani palikuwa na wakala aliyepokea vifurushi vyake na kumtumia kokote alikokwenda. Wazo lilikuwa zuri, lakini lilihitaji mtandao wa nyumbani ukubali kazi ya uwakala, na vifurushi vilizunguka njia ndefu. Halikuwahi kuwa chombo cha kila siku cha mtumiaji wa kawaida.

Mwaka 2012 watafiti wa chuo cha MIT walitoa programu ya Mosh kwa ajili ya watu wanaoziendesha seva wakiwa mbali. Ndani yake, seva haiulizi kifurushi kimetoka wapi. Huuliza kama kimefungwa kwa ufunguo sahihi. Kikiwa sahihi, popote kilipotoka ndipo majibu yatakapoelekezwa. Mtu anaweza kuifunga tarakilishi yake mjini mmoja, akaifungua mji mwingine kesho yake, na kuendelea alipoachia. Mwaka uliofuata, 2013, TCP yenyewe iliongezewa uwezo wa kutumia njia kadhaa kwa mazungumzo mamoja, na kampuni ya Apple ikautumia mwaka huohuo katika simu zake kwa huduma ya Siri.

Hatua kubwa zaidi ni itifaki ya QUIC, iliyoanzia katika kampuni ya Google na kusanifiwa rasmi Mei 2021. Katika QUIC, kila muunganisho una kitambulisho chake kisichotegemea anwani. Mwanafunzi akitoka kwenye waifai na kuingia data ya simu, vifurushi vyake kutoka anwani mpya hubeba kitambulisho, na seva hutambua kwamba ni mazungumzo yale yale. Haimpokei kijinga, hata hivyo. Vifurushi lazima viwe vimefungwa kwa ufunguo wa siri waliokubaliana mwanzoni. Kisha seva hutuma neno lisilotabirika kwenye anwani mpya, na mhamaji sharti alirudishe neno hilo hilo ili kuthibitisha kwamba kweli yupo hapo. Aidha, ili wapelelezi wa njiani wasimfuatilie mtu kwa kitambulisho kimoja, pande mbili huwa zimepeana akiba ya vitambulisho kwa siri, na anayehama hutumia kipya. Huu ndio usalama wa kweli: mtu huthibitishwa kwa anachokijua, na siri ya mienendo yake hulindwa.

Toleo la 3 la itifaki ya kurasa za wavuti, lililosanifiwa Juni 2022, limejengwa juu ya QUIC, kwa hivyo msingi upo tayari. Hata hivyo, msingi si nyumba. Seva nyingi zingali zinatumia TCP pekee. Hata penye QUIC, chuo chenye seva kadhaa nyuma ya kigawa kazi kinachosoma anwani tu kitampeleka mhamaji kwa seva isiyomjua, na mazungumzo yatakufa kama zamani.

Ndiyo maana nasema mzigo ni wa waundaji na wasimamizi wa mifumo yetu. Hakuna haja ya kungoja maajabu. Mfumo wa fomu au mtihani uhifadhi majibu kidogo kidogo yanapoandikwa, badala ya kungoja kitufe cha mwisho. Faili ipakiwe kwa vipande, ili muunganisho ukikatika kazi iendelee kutoka kipande kilichofika. Kikao kifungwe na kitambulisho na nywila; mfumo ukishuku, uombe nywila upya bila kufuta kazi ya mtu. Waifai ya chuo ipangwe ili mtu anayetoka maktabani kwenda ukumbini abaki na anwani yake. Nayo mitihani iwe na kanuni iliyoandikwa kuhusu mtahiniwa ambaye muunganisho wake umekatika, ili haki yake isitegemee huruma ya msimamizi wa siku hiyo.

Deni Letu Sisi wa Kiswahili

Sharti nasi tujiulize tumechangia nini. Kwa miaka mingi tumejadili iwapo mashine ile ni tarakilishi, ngamizi au kompyuta, na iwapo intaneti ingefaa kuitwa mdahalishi. Mijadala hiyo ilikuwa na faida, lakini ilihusu majina ya vyombo na kusahau uhusiano baina ya vitu. Tunapopoteza kazi, wengi wetu husema mtandao umepotea. Usemi huo unamficha mkosaji. Katika mikasa niliyoieleza, mtandao haukupotea. Mara nyingi mtu alikuwa na mitandao miwili mkononi. Kilichopotea ni kumbukumbu ya mfumo kuhusu mtu huyo. Mwenye kusema mtandao umepotea hunyamaza na kuanza upya. Mwenye kusema mfumo umenisahau anaweza kuuliza ni kwa nini.

Napendekeza tutofautishe maneno matatu katika uandishi na mafunzo yetu. Anwani ibaki kuwa ya mahali mashine ilipo kwa wakati huo. Kitambulisho kiwe cha nani anayezungumza. Kikao kiwe mazungumzo yenyewe, yenye mwanzo, kati na mwisho. Maneno yote matatu yamo tayari katika lugha yetu na yanaeleweka na yeyote aliyewahi kutuma barua, kubeba kipande au kuhudhuria mkutano. Mhandisi akiyatumia, mwanafunzi ataelewa alichonyimwa. Mwanafunzi akiyatumia, mhandisi hataweza kumjibu kwa fumbo. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini lugha ikikosa kutenga maana hizo, hata anayetaka kujua hana pa kuanzia.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba mazungumzo ya mtandaoni hukatika anwani inapobadilika kwa sababu jina la mazungumzo hayo lilitengenezwa kwa anwani tupu. Uamuzi huo ulikuwa na busara mitambo ilipokuwa haisogei. Leo, katika nchi ambayo wengi huingia mtandaoni kwa chombo kinachobebwa mfukoni, kuuendeleza ni kuwatoza faini wanaotembea. Njia za kumtambua mtu popote alipo, bila kuhatarisha usalama wake wala siri yake, zimekwisha kuvumbuliwa na kusanifiwa.

Shime basi, wanachama wenzangu. Vyuo vinaponunua mifumo mipya ya usajili na mitihani, wawakilishi wa wanafunzi waombe kujibiwa swali moja kabla ya mkataba kutiwa sahihi: mwanafunzi akihama kutoka waifai hadi data ya simu katikati ya kazi, nini kitatokea kwa kazi yake? Jibu likiwa ni kwamba ataanza upya, mfumo huo haujakamilika, hata ukiwa na rangi za kupendeza namna gani. Swali hilo halihitaji shahada ya uhandisi. Linahitaji mtu anayeamini kwamba aliyehama hajapotea.